Mluzi wa Moteri ya Tatu

Kwenye kinu kimoja cha unga kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, hakuna asiyemjua Mathilde. Mama huyu, aliyevuka mpaka kutoka Uvira akiwa msichana, huweka ncha ya bisibisi juu ya moteri ya umeme na mpini kwenye sikio la kushoto, kisha anakuambia kipi kinakufa mle ndani. Miaka kumi na tisa hajakosea! Kwa hiyo alipoifungua moteri ya tatu mara mbili bila kukuta ubovu, hata kwenye rulema, zile beringi za ndani, mkubwa wake Jovithe alicheka.

"Mama Mathilde, rulema zote mupya, zinazunguka vizuri. Unatafuta nini?"

"Inapiga mluzi, chef. We hausikie?"

"Mi nasikia njaa tu."

Alikuwa ameishika bisibisi kwa mara ya tatu umeme ulipokatika. Kinu kizima kikanyamaza. Mluzi haukunyamaza. Mathilde akaketi juu ya gunia, mkono sikioni. Kumbe moteri mbovu ni yeye!

Hospitalini, picha ya MRI ya kichwa ilionyesha uvimbe, mdogo kama harage, kwenye neva ya sikio la kushoto.

"Si kansa, mama, hausambai," Daktari Lisette alimtuliza. "Kila seli ina jeni inayofanya kazi kama breki, nakala mbili. Kwako, katika seli moja, nakala zote mbili ziliharibika. Seli ikakosa breki, ikazaa nyingine, polepole."

Hebu fikiria: kitu kisichoonekana hata kwa jicho, kimekosa breki!

"Nani aliziharibu? Na watoto wangu?"

"Mara nyingi ni kosa linalotokea seli inapojigawa. Uvimbe wa upande mmoja, kwa umri wako, kwa kawaida haurithiwi. Tutapima tena baada ya miezi sita."

Jovithe akataka kumhamishia kwenye kushona magunia. Kushona magunia! Mathilde akaomba siku moja tu.

"Zima zote," akaagiza. Akausikiliza mluzi wake mpaka akaujua vizuri. "Huu wa kwangu. Washa!"

Bisibisi ikahamia sikio la kulia. Moteri ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Hata ile ya tatu, nzima, na ya nne. Kwenye ya tano akasimama.

"Hapa kuna sauti isiyo yangu."

Wakaifungua. Rulema ilikuwa imepasuka.

Miezi sita ikapita, uvimbe haukuwa umeongezeka. Magunia wanashona wengine. Na Mathilde akiikaribia moteri, Jovithe mwenyewe hukimbilia swichi:

"Nyamazeni! Mama anajisikiliza kwanza."