Kibao cha Nyumba ya Mkunga wa Nyahanga

Kamati ya mtaa wetu hapa Nyahanga iliponiomba niandike maneno ya vibao vya historia, nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Walitaka kubandika vipande vya marumaru kwenye nyumba tano za zamani, watoto wajue mtaa ulijengwa na nani. Walinichagua kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka mingi Shinyanga mjini kabla ya kustaafu na kuhamia hapa. Hawakujua kwamba nyumba ya nne kwenye orodha yao ilijengwa na mama yangu.

Mama alikuwa mkunga. Aliijenga nyumba ile kidogo kidogo, kwa mpunga na mbuzi aliopewa na waume wa wanawake aliowazalisha. Chumba cha uani kilikuwa na kitanda, beseni, na jiko la pumba ambalo moshi wake uliyageuza macho yake kuwa mekundu. Macho hayo ndiyo yaliyotuponza. Jirani yetu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alifiwa na mtoto kwa homa. Baada ya mazishi alisimama barabarani, mbele ya umati, akamnyooshea mama kidole.

"Mtazameni macho! Huyu ndiye aliyemla mwanangu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati letu mchana ule ule. Wanawake ambao mama aliwashika mikono wakijifungua walifunga milango yao. Tulikimbilia Segese kwa mjomba, mama akiwa amebeba beseni tu. Kabla mwezi haujaisha tukasikia jirani amehamia kwenye nyumba yetu. Mama aliishi miaka tisa tena, hakumzalisha mtu yeyote, wala hakukanyaga tena Nyahanga. Alipofariki sikulia sana. Nilimwombea yule mwanamume maisha marefu, asije akafa kabla sijarudi.

Hakufa. Nilipokwenda kumwomba ruhusa ya kubandika kibao, nilimkuta barazani, mzee safi mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mtaandika habari za mashine yangu?"

"Tutaandika historia ya nyumba, baba."

Alifurahi. Hakunitambua. Akaniletea kiti na soda, na nikainywa yote.

Mwenyekiti aliposoma nilichoandika, alikunja karatasi haraka kana kwamba kuna mtu dirishani.

"Hii itatuletea kesi, mwalimu."

"Kuna neno la uongo hapo?"

Akaikunjua karatasi, akaisoma tena. Nikamuuliza mama yake alimzalia wapi.

"Kwenye chumba cha uani cha nyumba hiyo. Mama alinisimulia." Akaniangalia usoni, akaniangalia tena. "Wewe ni binti wa mkunga?"

"Ndiyo."

Akanirudishia karatasi, akasema, "Basi, jina la mzee litoke."

"Litoke," nikasema. Sikulihitaji.

Siku ya kufunua vibao mzee alivaa koti. Kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, alipewa heshima ya kuvuta kitambaa, akakivuta mwenyewe huku watu wakipiga makofi. Hakuwa na miwani. Akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti ile niliyokuwa naitumia kwenye darasa la watoto tisini:

"Nyumba hii ilijengwa na mkunga wa Nyahanga. Watoto wengi wa mtaa huu walizaliwa humu. Alifukuzwa kwa kusingiziwa uchawi. Nyumba haikurudishwa."

Makofi yalikatika. Bibi mmoja mbele yangu alijifunika uso kwa khanga. Alikuwa mmoja wa wale waliofunga milango. Watu hawakutazama kibao. Walimtazama mzee. Naye, kwa mara ya kwanza, alinitazama mimi, na nikaona amenijua.

Siku ya tatu aliniita sebuleni. Akasema yeye ni mtu mzima, amechoka, alikuwa na uchungu wa mtoto, na yuko tayari kuniomba msamaha ili nikiondoe kibao.

"Baba, hayo maneno kayaseme barabarani," nikamwambia. "Pale pale uliposimama siku ile."

"Nitaaibika, mwanangu."

"Ndiyo."

Hakwenda. Mimi kila Jumamosi nilikwenda na kitambaa na maji ya sabuni, nikakisugua kibao taratibu, herufi moja moja, yeye akiwa barazani. Baadaye akaacha kukaa barazani. Kisha akaanza kupitia mlango wa uani. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Segese akaniambia mama asingetaka haya. Inawezekana. Mama alikuwa mtu mwema kuliko mimi.

Mvua zilipokwisha, binti wa yule mzee alikuja kumchukua ampeleke kwake. Walifunga godoro juu ya bajaji. Nilikuwa kibaoni na kitambaa changu. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyolelewa.

"Safari njema, baba."

Hakuitika. Nilisimama pale mpaka bajaji ikakata kona, kisha nikamalizia kusugua mstari wa mwisho.