Toleo Lililosubiri Msiba wa Kighare

Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, na kuongea ndiyo kabisa, kwa hiyo niliipenda kazi ambayo watu hawaisikii sauti yangu.

Mchana nauza vocha na kubadilisha vioo vya simu katika kibanda mjini Same. Wateja wakipungua, nafungua kompyuta na kutunza programu ya zamu za maji. Si programu nzima. Ni kipande tu kinachopanga nani anamwagilia siku gani, na yeyote anaruhusiwa kukichukua bure akakitia kwenye programu yake. Alikianzisha dada mmoja wa kijijini kwetu milimani, aliyesomea kompyuta, na likizo moja akanionyesha msimbo wake mstari kwa mstari. Sasa ana mtoto mchanga na anaishi mbali. Ametuachia watu wawili: mimi na kijana mmoja wa Kighare, kijiji kingine chenye mfereji wake, ambaye sijawahi kumwona.

Kwetu maji ya mfereji hulala kwenye ndiva, bwawa lililo juu ya mashamba, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu. Hakuna anayefungua ndiva peke yake. Lazima awepo wa pili, tena asiwe wa ukoo wake. Dada aliichukua desturi hiyo akaifanya sheria yetu: marekebisho aliyoandika mmoja hayatolewi mpaka mwingine, wa mfereji mwingine, ayasome na kuyakubali.

Jumanne moja ya kiangazi bibi jirani yetu alizikwa. Siku ya maziko hatushiki jembe, na ndiva haifunguliwi. Mwenyekiti wa mfereji alibonyeza siku ya msiba kwenye simu yake, kama inavyotakiwa. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya mama. Zamani wazee wangemsogeza kila mtu siku moja mbele. Kipande chetu kiliuhesabu msiba kama Jumapili, siku ambayo hapangiwi mtu. Jumatano kikampa mtu wa Jumatano, na mama akaenda mwisho wa mzunguko.

Mama akanipigia.

"Hiyo mashine yenu haijawahi kufiwa?"

"Nitairekebisha, mama."

"Irekebishe basi. Mahindi yanatoa mbelewele na majani yamejikunja. Mzunguko mzima hayasubiri."

Zamu za wiki mpya hutumwa kwenye simu za watu Jumamosi jioni. Toleo jipya lingetoka kabla ya hapo, aliyerukwa angetangulia, na Jumatatu ingekuwa ya mama.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Kilichonichukua muda ni mengine yote. Mtu wa Kwakoa alitaka mifugo nayo iingizwe kwenye zamu, nikamwandikia kwamba toleo hili ni dogo, halipokei mambo mapya. Mtu wa nchi nyingine aliuliza kwa Kiingereza litatoka lini, nikatafuta maneno nusu siku ili nimjibu, "Karibuni." Halafu nikaandika maelezo ya toleo, sentensi moja: "Sasa siku ya msiba inasogeza zamu mbele, haimruki mtu." Niliifuta na kuiandika upya mpaka mteja akaniuliza kama naandika barua ya posa.

Nikamtumia kijana wa Kighare. Kimya.

Alhamisi mwenyekiti alishuka mjini, akapita kibandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usinitazame hivyo, najua unachotaka."

"Si umpe tu Jumatatu? Kila mtu anajua alirukwa."

"Wanajua. Lakini tulipokuwa tunapanga kwa mdomo nusura watu wapigane. Nikimpa mama yako maji bila ujumbe wa zamu kwenye simu, kesho watasema nimekula kuku wake. Na kuku wenyewe nawaona wamekonda!" Akacheka, mimi sikuweza. "Lete ujumbe, mwanangu. Ukija na ujumbe, ndiva nakwenda kufungua mwenyewe."

Ijumaa nikajikaza kumpigia kijana wa Kighare. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Simu ilipokelewa na mwanamke, na nyuma yake watu wengi walikuwa wanaimba pambio.

"Mwenye simu yuko kaburini wanachimba," alisema. "Amefiwa na baba yake mkubwa. Tumwambie nani?"

Niliyoyapanga nikayaacha. Nikasema, "Mwambie pole," nikakata. Mtu yuko kaburini, utamwambia aje asome faili? Na faili lenyewe ni la misiba.

Dada nilimwandikia pia. Hakujibu, na mwenye mtoto mchanga simlaumu.

Jumamosi nilikaa mbele ya kompyuta. Kitufe cha kutoa toleo kilikuwa wazi kwangu, hakuna ambacho kingenizuia. Kama mahindi yangekuwa ya mtu mwingine, labda ningebonyeza. Lakini yalikuwa ya mama yangu, na marekebisho nimeyaandika mimi. Sheria iliwekwa kwa ajili ya mtu wa namna yangu hasa. Jioni simu yangu ikalia ujumbe wa zamu. Jumatatu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilipanda nyumbani. Jumatatu asubuhi tulisimama na mama pembeni ya shamba, maji yakipita kwenye mfereji chini ya miguu yetu kwenda kwa jirani. Jirani alitusalimia bila kututazama. Mama hakugusa udongo wa mfereji wala jembe. Alisema tu, "Maji ya leo ni mengi."

Jibu la Kighare lilikuja Alhamisi, mimi nimesharudi kibandani. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akaandika: "Nimesoma yote. Sijaona kosa. Toa." Nikabonyeza. Lilitoka mara moja, bila shida yoyote. Yule wa nchi nyingine akatuma shukrani.

Nikampigia mama. Nilisikia panga likikata, na kila baada ya kukata, majani makavu yakianguka.

"Limetoka, mama."

"Limetoka?"

"Ndiyo. Msiba mwingine ukitokea, hatarukwa mtu."

"Haya, vizuri." Panga likakata tena. "Mabua haya nampa ng'ombe yangali na ubichi kidogo. Wewe umekula?"

Nikamwambia nimekula.