Jibini Isiyogeuzwa

Kila asubuhi mtengeneza jibini wa kijiji cha Kibabi huzigeuza jibini zake mbaoni, moja baada ya nyingine, kwa viganja vilivyolainishwa na maziwa. Bintiye Astrid, ambaye hata shule hajaanza, humfuata nyuma akiuliza. "Papa, juu ya nini maziwa inakuwa nguvu kama jiwe? Ngombe iko inajua?" Baba humjibu kwa sauti ileile ya chini anayomtulizia ng'ombe wakati wa kukamua, na kwa asilolijua hukohoa kwanza, kisha husema, "Ile nayo tutaangalia."

Wiki jana mtoto aliuliza, "Na kama hatugeuze, itakuwa nini?" Baba alifundishwa kugeuza tu, kuuliza hakufundishwa. Akaiacha moja bila kuigeuza, mtoto akiona.

Leo mnunuzi kutoka Kitshanga ameikuta imelowa chini, imeota ukungu, imelalia upande. "Papa, hii imeharibika. Tupa," mnunuzi akamwambia baba.

"Acha hiyo," baba akasema, akiipangusia ubao taratibu kama anayempangusia mgeni kiti. "Hiyo hatuuzishe. Hiyo njo jibu ya mutoto wangu."