Ukuta Uliosubiri Wageni

Mimi sikuajiriwa na mtu. Nilikuwa najitolea tu: kupima watoto uzito pale zahanati, kuwatembelea wazee, na wakija wageni kutoka ng'ambo, kuwazungusha vijijini. Kihangaza nimekijua baada ya kuolewa huku Nyakisasa, maana kwetu hasa ni Bisibo, upande wa Biharamulo. Kiingereza nacho nakivutavuta hivyohivyo mpaka tunaelewana.

Mwaka ule alikuja dada mmoja wa Kizungu, naye wa kujitolea, kamera shingoni. Alitaka kupiga picha za maisha ya kila siku ya watu masikini, awaonyeshe wenzake wapate kuchangia. Sikuwa na ubaya naye. Alijifunza shikamoo siku ya kwanza, akawa anawaamkia nayo mpaka watoto wadogo, tukacheka wee hadi mbavu zikauma. Nikampeleka kwa jirani yangu, bibi mjane anayeishi na mjukuu wake wa kike wa darasa la kwanza.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo. Ukuta wa chumba wanacholala ulikuwa umepasuka kutoka kwenye paa hadi chini, ufa wa kuingiza mkono. Asubuhi ile tulimkuta ameshaloweka udongo, anataka kuukandika kabla ya mvua. Yule dada akamwomba akae kwenye kigoda, palepale mbele ya ufa. Bibi akanawa tope, akajifunga kitenge chake vizuri, akakaa. Zikapigwa picha nyingi. Mgeni akashukuru, akamkumbatia, akasema Mungu akipenda atarudi na wenzake. Muda si mrefu akahamia Nyamahanga, kisha akaenda zake kwao.

Ule udongo ukakaukia palepale ulipolowekwa.

Mwanzoni nilidhani bibi anaumwa. Nikapita kumwona.

"Shikamoo bibi. Mbona ukuta bado?"

"Marahaba mwanangu. Ukuta haujambo."

Nikapita tena, jibu lilelile. Vijana wa kanisani walikuja kuukandika bure, akawafukuza kama anafukuza mbuzi kwenye maharage. Hapo nikaona yamezidi. Nikavuta mkeka, nikamwambia leo siondoki mpaka unieleze.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Picha imekwenda. Wenye msaada wameuona ukuta wenye ufa na bibi aliyekaa mbele yake. Watakapokuja watautafuta ukuta huo. Wakiukuta mzima watasema si hapa, au watasema huyu bibi mwongo.

"Umesahau yaliyompata jirani?" akaniuliza.

Sikusahau. Zamani kidogo ulikuja mradi, jirani yetu mmoja akaandikwa miongoni mwa wenye shida. Akajibana, akauza kahawa yake, akaweka bati jipya pale palipokuwa panavuja juu ya kitanda. Wakaguzi walipofika wakatazama bati linavyong'aa, wakamwambia, mama, wewe unajiweza. Akafutwa. Bibi aliyaona hayo kwa macho yake. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Lakini hasira zangu mnazijua, hazina breki. Nikampandishia. "Bibi, usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Aliyesema hivyo hajawahi kupigwa picha," akanijibu, akaendelea kupepeta maharage.

Jamani! Ningefanya nini? Mvua za vuli zilikuwa zinanukia. Kila nikiona wingu limejikusanya upande wa Burundi naugeukia ule ukuta, roho juu. Mtoto ndiye alikuwa analala upande wa ukutani. Nikaomba basi mtoto ahamie kwangu mpaka mvua zipite. Akakataa kabisa: watu watasema mjukuu amemshinda. Nikaondoka nimenuna, na njiani nikageuka tena kuutazama.

Mwisho nikamwandikia yule dada kwenye simu. Nikamweleza ufa, mtoto, mvua, yote. Nikamuuliza jambo moja: mnakuja au hamji? Kesho yake akajibu. Alifurahi sana kunisikia. Safari ya huku hana tena, ila anatuombea. Akanitumia na picha, akasema hiyo ndiyo waliyoipenda watu wote kule kwao.

Nikaifungua. Ilikuwa sura ya bibi peke yake, imejaa kioo chote, kila kunyanzi linaonekana. Nyuma yake kulikuwa na rangi ya udongo iliyofifia, huwezi kujua kama ni ukuta, ni shamba au ni barabara. Nikaikuza, nikaisogeza huku na huku, nikitafuta ufa. Haukuwemo.

Nilikaa na simu ile mpaka chai ikapoa. Nikimwonyesha bibi, nitakuwa nimemwambia hakuna mtu anayekuja. Na alikuwa ameshaanza kunihesabia sahani za kuwapakulia hao wageni, maskini. Nililia kwa hasira, siwafichi. Kisha radi ikanguruma kule mlimani, nikanyanyuka nikaenda.

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Mjukuu akaja mbio, akachungulia.

"Bibi, ni wewe!"

"Ndiye mimi." Akaitazama sana. Kisha akaniuliza, "Ukuta uko wapi?"

"Haumo, bibi."

"Na ufa?"

"Haumo. Umo wewe tu."

"Na wao?"

"Hawaji."

Nilikuwa sijawahi kumwona bibi yule amekaa bila kushughulisha mikono. Siku hiyo ilitulia mapajani. Mtoto alikuwa bado anachekea picha.

"Kumbe nilimlaza mtoto pale bure," akasema.

Akainuka, akachukua jembe, akamtuma mjukuu akachote maji.

Tulikandika siku hiyohiyo. Vijana wa kanisani wakarudi, hawakuweka kinyongo, wakakanyaga udongo huku wanaimba. Mimi nilikuwa tope mpaka kwenye nyusi. Bibi hakutaka mtu amsaidie kulainisha. Alipitisha viganja vyake mwenyewe, juu mpaka chini, pale ulipokuwa ufa. Mungu si mchoyo, mvua ikangoja ukauke.

Tulipomaliza nilitaka kumfurahisha. Nikanawa mikono, nikatoa simu yangu, nikamwambia na sisi tupige picha yetu, hii haitakwenda popote. Nikamwekea kigoda chake mbele ya ukuta. Bibi akakichukua, akakihamishia pembeni, mbali kabisa.

"Bibi, hapo hutatokea kwenye picha."

"Mimi walishanichukua, mwanangu," akasema. "Piga ukuta."