Benchi la Safi

Walimu vijana huniuliza mtoto humwamini mwalimu kwa lipi. Wengi hutaka kusikia habari za fimbo. Mimi nilikuwa na fimbo nzuri na sikuaminiwa, na nilistahili.

Miaka ya sitini, nikiwa mbichi kutoka chuoni, nilipewa darasa la sita karibu na Nagongera, mashariki ya Uganda. Mimi ni Msamia wa Busia, Kidhopadhola, lugha ya huko, sikukijua, kwa hiyo nje ya vitabu tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wakulima wa pamba, na kila mmoja alijua kuichambua: nyeupe ni safi, yenye madoa ni fifi. Nikajiona mwerevu. Nikaweka mabenchi ya Safi mbele na ya Fifi nyuma, nikaahidi kwamba yeyote wa nyuma atakayepata hesabu nane kati ya kumi siku ya Ijumaa atahamia mbele. Wakasoma kama wanaofukuzwa. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wenzangu, nikavimba kichwa.

Huko Fifi alikuwako msichana mmoja, mtoto wa mjane, aliyeachwa nyuma kwa sababu alikosa masomo msimu wa kuvuna. Ijumaa moja alipata tisa. Nikamwambia ameiba majibu. Nikamsimamisha ubaoni, akazifanya upya zote tisa. Lakini mbele palikuwa pamejaa, na wa kushuka alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Nikamwambia asubiri muhula ujao, utaratibu ndio huo. Utaratibu gani! Nilikuwa naogopa tu. Yeye akarudi kukaa nyuma.

Jumatatu hakuja, wala wiki nzima iliyofuata. Nikapanda baiskeli kwenda kwao. Nilimkuta uani na mama yake, wamekaa mkekani wakichambua pamba. Mama alipiga magoti kunisalimu, mwanamke aliyelingana na mama yangu, kisha akaniletea kiti.

"Mwalimu, mimi nashukuru," alisema. "Hii mtoto aliniambia wewe naweka yeye kwa safi. Sasa yeye nakataa shule, nasema nataka kunisaidia na pamba. Ongea na yeye."

Msichana aliacha kuchambua, akaniangalia. Hakuniomba kitu kwa macho yale. Alikuwa anangoja kuona nitasema nini. Kama ningemwambia mama ukweli, kwamba mwanawe alishinda na mimi nikamnyima, nadhani angerudi. Niliona aibu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Huyu ni wa safi."

Msichana akainamia pamba yake, na hakuniangalia tena. Mama alifurahi mpaka akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na kuku, akamfunga miguu na kumning'iniza kwenye usukani wa baiskeli yangu.

Shule hakurudi tena. Kuku tulimla Jumapili, nyumbani kwa mwalimu mkuu.