Miezi Minane ya Karani Pyo

Meza yangu ilitazamana na ya Pyo Sang-bae kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo mtu asije kunihadithia habari za Pyo. Mimi nilikuwa karani wa kodi katika ofisi ya kata yetu, huku kusini mwa Korea. Yeye alishika rejista za familia. Aliyezaliwa, aliyeoa, aliyekufa, wote walipita kwenye kalamu yake. Na alikuwa mgumu, loo! Mtu akija kulia kwamba tarehe yake ilikosewa, Pyo humjibu bila hata kuinua uso, "Mzee wangu, mimi siandiki unachokumbuka. Naandika kilicho kwenye karatasi."

Basi karatasi iliyokuwa na uongo kuliko zote ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Kaka yake alizaliwa mwaka 1942, mwaka wa farasi kwa kalenda yetu ya wanyama, akafa kwa surua kabla ya kuota meno yote. Baba yao hakuripoti kifo. Pyo alipozaliwa mwaka 1944, mwaka wa nyani, mzee hakuona sababu ya kutembea tena hadi ofisini, akamwachia mtoto mpya jina na tarehe ya marehemu. Zamani zile wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ni kosa. Ofisini ilikuwa mzaha wetu. Kila Machi, siku ya kuzaliwa ya kwenye karatasi, ambayo kwetu huliwa supu ya mwani, nilimwambia, "Nyani, leo tena umekula supu ya mwani ya farasi!" Naye hucheka mpaka anavua miwani.

Tuliacha kucheka mwaka 1998. Nchi ilikaukiwa fedha, na serikali ikaamua makarani wa ngazi yetu wasistaafu tena na miaka hamsini na minane, waondoke na hamsini na saba. Pyo alikuwa ameajiriwa Machi 1980, kwa kuchelewa. Sheria ilikuwa hivi: ukitimiza miaka ishirini kazini, unalipwa pensheni kila mwezi hadi kufa, na mkeo baada yako. Usipotimiza, unapewa kiinua mgongo mara moja, na kwaheri. Kwa umri wa kwenye karatasi angeondolewa mwisho wa Juni 1999. Miezi minane ilipungua.

Mkewe figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Miaka yote ile Pyo alikuwa akimtuliza kwa maneno yale yale: tukifika ishirini, hata mimi nikifa hutaomba mtu.

Alipiga simu ofisi ya pensheni nikiwa namsikiliza. Waliokwenda jeshini waliruhusiwa kujazia na miaka yao ya jeshi. Yeye hakwenda, alisamehewa kwa kuwa mtoto wa pekee wa mjane. Akauliza kama anaweza kulipia ile miezi minane mfukoni mwake. Akasikiliza, akaitikia "naam, naam," akaweka simu chini.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema nisemavyo mimi kwa watu. Kilicho kwenye karatasi."

Nilikasirika mimi kuliko yeye. Nikamwambia, "Wee Bwana Pyo, acha kukaa hapo umenywea! Kwani wewe si nyani? Nenda mahakamani urekebishiwe mwaka, upate miaka yako miwili!"

"Ushahidi uko wapi, dada Noh? Mtoto mchanga hana kaburi. Babu alimbeba mlimani, akamfunika mawe, mama hakuonyeshwa hata mahali. Hana matambiko, hana kibao cha jina."

"Mama yako si yupo?"

Mama yake alikuwepo. Kijijini walimwita Mama wa Goksong, kwa jina la alikozaliwa, bibi wa miaka sabini na minane, mgongo umepinda lakini akili kali. Mahakama ikakubali kumsikiliza. Jumapili moja nilikwenda kwao kumwandaa, nikamkuta jikoni anamenya vitunguu saumu.

"Mama, hakimu atakuuliza mambo mawili tu. Wa kwanza alikufa lini, na huyu alizaliwa lini. Basi."

"Nitasema."

"Usiogope."

"Mimi? Niogope nini, we mtoto? Nimewazika wangapi." Akamenya punje mbili tatu. "Huyo hakimu, anayo majina ya watu yameandikwa?"

"Anayo yote, mama!" Nikatamba ili kumtia moyo, mjinga mimi. "Ana rejista, ana kumbukumbu za jeshi, kila kitu kiko mezani kwake. Huwezi kukosea."

Akaweka kisu chini. Nikadhani amechoka.

Mwezi Mei 1999 niliwapeleka mjini wilayani kwa gari langu. Bibi alivaa nguo zake nyeupe za heshima. Njia nzima alishika mkono wa shati la mwanawe. Mahakamani kilikuwa chumba kidogo tu, na hakimu kijana mwenye adabu. Alimletea bibi kiti mwenyewe.

"Bibi, mtoto wako wa kwanza alifariki lini?"

Mama wa Goksong alimtazama hakimu, akazitazama karatasi zilizopangwa mbele yake.

"Hakufa," akasema.

"Samahani, bibi?"

"Hakufa. Huyu hapa. Nilizaa mtoto mmoja tu, mwaka wa farasi. Ndiye huyu. Karatasi haina kosa lolote, bwana mkubwa."

Nilisimama. "Mheshimiwa, bibi amechanganyikiwa! Kata nzima inajua!"

"Wewe ulikuwepo?" hakimu akaniuliza.

Nilikuwa sijazaliwa. Nikakaa.

Akamgeukia Pyo. "Maelezo ya mama yako yanapingana na ombi lako. Una la kusema?"

Pyo alifungua kinywa. Ilibidi aseme neno moja tu: anadanganya. Mama yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, mikono juu ya magoti, anamkazia macho. Nikawa namsukuma moyoni, sema, baba, sema!

"Sina," akasema.

Ombi likatupwa pale pale.

Tuliingia mkahawa wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, na bibi alipenda tambi za mchuzi mweusi. Tambi hazijafika nikashindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini? Tuliongea jikoni! Kwa nini umemfanyia hivi mwanao?"

Aliangalia meza za jirani kwanza, kisha akaniinamia akanong'ona.

"Wewe mtoto wa juzi, hujui. Wakati wa vita baba yake alichukuliwa kwa orodha. Watu wa serikali walitoka ofisini na karatasi, wakasoma jina, akaitika, hakurudi. Huyu hakwenda jeshini, na anatumia karatasi ya maiti. Mimi nikiri mbele ya serikali, kwenye maandishi? Wamchukue na yeye?" Akajiweka sawa kitini, uso umemchangamka. "Walidhani bibi kizee atajisahau. Sikujisahau."

Ni mimi niliyemwambia kwamba kumbukumbu za jeshi ziko mezani kwa hakimu. Nikamgeukia Pyo, nikimwomba kwa macho amweleze hapo hapo kwamba hakuna kosa, hakuna jela, kulikuwa na pensheni tu na figo za mkewe, na sasa hakuna.

Tambi zikaletwa. Pyo alivuta bakuli la mama yake, akamkatia tambi fupi fupi kwa mkasi kwa sababu ya meno, akachanganya mchuzi vizuri mpaka chini, akamrudishia.

"Kula, mama, zitapoa."

"Nimekuokoa au sikukuokoa?"

"Umeniokoa, mama."

"Enhe!" Akaingiza vijiti bakulini, akala kwa hamu, na mchuzi ukamchafua kidevu. Pyo akamfuta. Bakuli lake yeye hakuligusa.