Nilimdanganya Hodan kuhusu tambi za Ipoh, na sasa anataka kumpeleka mamake

Ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu, hamjambo? Nimeomba jina langu lifichwe kabisa, maana Wakenya wa Birmingham tunajuana mpaka rangi za makoti. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mkristo, kazi yangu ni kutunza wazee huku Great Barr. Sina mume wala mtoto. Nina mdomo mrefu na rafiki mmoja wa kweli, na huyo ndiye niliyemkosea.

Nitamwita Hodan. Ni Msomali, tumekua pamoja Isiolo, nyumba yao na yetu zikigusana ukuta, na hapa anakaa Sparkhill. Kwetu Krismasi ilikuwa haianzi mpaka babake aje atuchinjie mbuzi, ili nao wale na sisi tule. Mama yangu alikuwa mkali kwa hilo. Kwa hivyo Hodan amekula kwetu tangu utotoni bila kuuliza swali. Na mimi, niseme tu ukweli, sikuwahi kujifunza kuuliza. Nyumbani ukiona nyama sahanini unajua kuna mtu ameshaichinja vizuri, unakula, unaendelea na maisha.

Mwaka huu tulichukua likizo pamoja tukaenda Malaysia, ambako kakake Hodan anafanya kazi. Wikendi moja tukatoka sisi wawili mpaka mji wa Ipoh, kutafuta vile vihoteli vidogo ambavyo watalii hawavijui. Mimi ndiye niliyejifanya mkuu wa msafara. "Leo utakula mahali hata kakako hajawahi kusikia," nikamwambia. Asubuhi tulikula kwa mama mmoja Muislamu mwenye meza tatu tu, akatupa mikate ya kukunjwa na mchuzi wa dengu. Hodan akaunyanyua mkate akasema, "Kumbe chapati yetu ilikuja kusoma huku!" Tulicheka mpaka yule mama naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Adhuhuri Hodan akaenda msikitini kuswali. Nikamwambia atanikuta kwenye benchi kando ya mto, chakula kikiwa tayari. Nikaingia uchochoroni, nikaona wenyeji wamepanga foleni mbele ya kihoteli cha mzee mmoja Mchina. Tambi na kuku wa kuchemshwa, na harufu yake, aki, ilinivuta shati. Nikachungulia: kuku. Nikajiambia hii ni nchi ya Waislamu, nani atauza kitu kibaya hapa? Nikafungiwa za watu wawili kwenye mfuko wenye jina la kihoteli.

Hodan akaja, akafungua yake, halafu akasita. "Uliuliza lakini?"

"Niliuliza," nikamjibu. Sikuwa nimeuliza chochote. Niliona haya kuonekana sijui, na njaa ilikuwa imenishika vibaya.

Akasema bismillahi, akala. Jameni, alikula! "Wallahi, tangu tushuke kwenye ndege sijala kitu kitamu hivi. Hebu niongezee." Nikampiga picha akiwa ameinua ule mfuko, mashavu yamejaa, nikamtumia palepale, nikarudi mbio kuchukua zingine. Kwa furaha zangu nikamwonyesha yule mzee hiyo picha. "Ona, rafiki yangu amependa sana!"

Mzee akaona hijabu, uso ukambadilika. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata akaniambia rafiki yangu haruhusiwi kula hapa, tambi zote zinapakwa mafuta ya nguruwe. Akakataa kuniuzia. Akaweka mkono kifuani akiomba radhi, mtu ambaye hakunikosea kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi nikiwa nimekata shauri kusema. Nikamkuta anajipangusa midomo, anatabasamu. "Ziko wapi?"

"Zimeisha."

Basi, hapo ndipo nilipojimaliza. Lile la kwanza mtaniambia ulikuwa ujinga, sawa. Hili la pili nililisema nikiwa najua kila kitu. Nafahamu dini yake haimhukumu mtu asiyejua alichokula. Lakini mimi nilijua, na nikakaa kando yake nikimsikiliza akisema alhamdulillahi. Nina aibu ambayo siwezi kuwaeleza. Siku hizi akinialika kwake Sparkhill nasingizia shifti.

Ningenyamaza milele, maana ndivyo nilivyo mwoga. Ila mamake anatoka Isiolo mwezi ujao kwenda Malaysia kumwona mwanawe, na Hodan anaenda kukutana naye huko. Anataka kumpeleka kwenye zile tambi. Amenidai lokesheni, nikasema uchochoro nimeusahau. Akacheka: "Wacha uvivu, jina la hoteli liko kwenye mfuko, kwenye ile picha uliyonipiga, nitauliza watu." Wakienda wenyewe, mzee atawafukuza kwa upole, na Hodan atajulia pale, mbele ya mamake. Wakimtuma mtu awachukulie, mama atakula. Nimepiga hesabu pande zote na hakuna upande unaonifaa.

Jana mama mwenyewe alinitumia ujumbe wa sauti. Sauti yake imezeeka. Alisema: "Mwanangu, Hodan ameniambia ulivyowatafutia chakula huko. Mimi ugenini naogopa kula, nilikuwa nimepanga kubeba vyangu. Lakini hapo nitakula, kwa sababu ni wewe uliyeuliza."

Nimeusikiliza mara nyingi na sijajibu. Nitukaneni kwanza, najua nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri. Nianze na Hodan au nianze na mama? Na nikishika simu, neno la kwanza niseme nini?